Kiingereza mbona kinageuka-geuka? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kiingereza jioni kwa watu wazima, wengi wanauza madukani, wengine wako mapokezi hotelini, na wachache wanajiandaa na intavyuu. Ukikaa nao muda unagundua maswali ni yaleyale, leo kauliza huyu mwezi ujao anauliza mwingine, na karibu yote yanatoka sehemu moja, kwamba Kiingereza alichofundishwa shule sio hiki anachokisikia kwenye simu yake. Nimeyaweka pamoja ili nikiulizwa tena nitume hii tu. Sio lazima uanze juu. Nikisema angalia swali fulani basi nenda huko, maana sirudii.

## Ya msingi

1. Hivi Kiingereza kinabadilika kweli au vijana ndio wanakiharibu?

Kinabadilika. Angalia kwetu tu, zamani kitu cha kupoa kilikuwa chai au uji, leo ukiulizwa "mambo" unajibu "poa" na hakuna anayekushangaa. Na Waingereza nao "cool" yao ilianza kwenye ubaridi ikaishia palepale. Hakuna kikao kilichokaa kupitisha hilo.

Na kulalamika kwamba vijana wanaharibu lugha nako ni kwa zamani sana. Mwandishi Jonathan Swift, mwanzoni mwa miaka ya 1700, alikuwa analichukia neno "mob", yani kundi la watu wa fujo, kwa sababu lilikuwa kifupisho cha maneno ya Kilatini, yani aliliona kama wewe unavyomuona mtu anayeandika "cjui" badala ya sijui. Leo "mob" iko kwenye magazeti na mahakamani na hakuna hata mmoja anayejua kwamba iliwahi kuwa slengi.

2. Kwani hawana BAKITA yao?

Hawana. Wafaransa wana akademia yao ya lugha tangu 1635, sisi tuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu 1967, Waingereza hawajawahi kuwa na chombo cha namna hiyo. Huyohuyo Swift alipendekeza kianzishwe mwaka 1712, likaishia hapohapo.

Kinachowachanganya watu ni kamusi, wanadhani kamusi ndiyo inatoa ruhusa. Kamusi kubwa ya Oxford ilianza na wazo la mwaka 1857, kipande cha kwanza kikatoka 1884, ikakamilika 1928, na muda wote huo watu wa kujitolea walikuwa wanatuma kwa posta vikaratasi vyenye sentensi walizozikuta vitabuni, neno limetumika hivi, mwaka fulani. Kazi yake ilikuwa kuokota. Kwahiyo neno likiingia kamusini leo ujue watu walishalitumia siku nyingi.

3. Kwanini Kiingereza kinaandikwa kivyake na kinasomwa kivyake?

Hili naulizwa kila mwezi bila kukosa, na jibu lake nalipenda kuliko yote.

Iko hivi. Kuna wakati Kiingereza kilikuwa kinasomwa karibu kama Kiswahili. Miaka ya 1300 "house" ilikuwa inatamkwa huus, "time" ilikuwa tiime na ile e ya mwisho inasikika, "name" ilikuwa naame, "feet" ilikuwa feet kama unavyoisoma wewe Mswahili siku ya kwanza darasani halafu mwalimu anakucheka. Yani a ilikuwa a, i ilikuwa i. Halafu kuanzia kama 1400 mpaka karibu 1700 irabu ndefu zikaanza kuhama, iliyokuwa ee ikapanda ikawa ii, iliyokuwa ii ikakosa pa kupanda ikapasuka ikawa ai, uu ikapasuka ikawa au. Zilikuwa kama watu wamepanga foleni kwenye ngazi, wa chini akisogea wa juu inabidi aondoke.

Sasa bahati mbaya ni kwamba katikati ya hiyo hamahama, mwaka 1476, William Caxton akaleta mashine ya kuchapa vitabu Westminster, jirani na London. Wachapaji wakaanza kushika namna moja ya kuandika, ikazoeleka, ikaganda. Midomo ikaendelea na safari, karatasi ikabaki kituoni. Ndio maana unaandika "time" na unasema taimu.

Na zile herufi zisizosomwa kwenye "knight", zote zilikuwa zinasomwa. K ilisikika, na ile gh ilikuwa sauti kama kh ya "kheri" anavyoitamka mtu wa pwani. Kwahiyo ukikutana na herufi imekaa kimya kwenye neno la Kiingereza, mara nyingi ni sauti iliyokufa na kaburi lake halijafukuliwa. Sio zote lakini, ile b ya "debt" waliibandika wasomi baadaye ili neno lifanane na Kilatini, haijawahi kutamkwa na Mwingereza yeyote, hiyo ni mbwembwe tu.

4. Walikuwa wanaelewana wenyewe kwa wenyewe?

Sio kila mara. Huyo Caxton anasimulia, mwaka 1490, wafanyabiashara walikuwa wanatoka London kwa jahazi, upepo ukagoma, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja akaomba "egges". Mama mwenye nyumba akamjibu samahani mimi sijui Kifaransa. Jamaa akakasirika maana na yeye Kifaransa hajui, alikuwa anaomba mayai kwa Kiingereza cha kwao! Mpaka mwenzake aliposema "eyren" ndio mama akaelewa. Maneno mawili, yai hilohilo, nchi hiyohiyo. Kama wewe wa Dar uende ndani kabisa Pemba au Lamu uone kama utaelewa kila kitu.

## Maana za maneno

5. Neno linawezaje kugeuka mpaka likawa kinyume cha lilivyokuwa?

Taratibu sana, mpaka waliokuwepo hawaoni. "Nice" ilitoka kwenye Kilatini cha kutokujua, na miaka ya 1300 kumwita mtu "nice" ilikuwa kumwita mjinga. Kutoka ujinga ikaenda kwenye udekaji, kutoka udekaji ikawa mtu wa kuchagua-chagua, kutoka kuchagua ikawa umakini, na miaka ya 1700 ndio ikatulia kwenye "zuri, la kupendeza". "Silly" ilitembea njia hiyohiyo kurudi nyuma. Zamani ilikuwa mtu mwenye heri, aliyebarikiwa, ikawa asiye na hatia, ikawa wa kuhurumiwa, leo ni mpumbavu.

Ukizipanga hatua moja moja hakuna hata moja ya kushangaza. Mtu mwema sana tunamuonaje? Tunasema "huyu bwana, mtu wa watu, hana neno," halafu kwa sauti ya chini "ila kama hajachangamka vile". Ndio hivyohivyo.

6. Nimesoma Biblia ya Kiingereza, Mungu anawapa watu mimea iwe "meat". Ni makosa ya kuchapa?

Hapana, ni umri. Hiyo ni tafsiri ya King James ya 1611, na kipindi hicho "meat" ilikuwa chakula chochote. Baadaye ikabana ikabaki nyama. Kuna mengi yamebana hivyo, "deer" ilikuwa mnyama yeyote wa porini sasa ni paa na jamaa zake, "starve" ilikuwa kufa kwa namna yoyote sasa ni njaa tu, "girl" miaka ya 1300 ilikuwa mtoto wa kike au wa kiume. Na mengine yanatanuka, "dog" inaonekana ilianza kama mbwa wa aina fulani tu na mbwa wote walikuwa "hound", sasa vimebadilishana.

7. Kwanini wanasema "sick" au "wicked" wakimaanisha kitu kizuri?

Wewe ukisema "ule wimbo ni noma" unamaanisha nini? "Huyu dogo ni hatari", "beki yao ni balaa", "bonge la pafomansi kali". Swali limejijibu. Kitu kikubwa kinatisha na kinavutia kwa pamoja, kwahiyo neno la kutisha ndilo lenye nguvu ya kusifia. "Terrific" ilikuwa ya kutia hofu, leo bosi anamwambia mfanyakazi wake "terrific job" na hakuna aliyeogopa.

Angalizo moja tu, hizi zinazeeka haraka. Slengi uliyoikuta kwenye muvi ya miaka ya tisini ukiitoa leo mbele ya vijana wao watakuangalia kama wewe unavyomuangalia mjomba anayesema "shega".

8. "Literally" inatumika ovyo, mtu anasema "I literally died" na yuko hai. Hili sio kosa?

Kama unamuandikia daktari au polisi, usiseme. Ila sio ugonjwa wa vijana wa leo, mwandishi Mark Twain wa Marekani mwaka 1876 ameandika mtoto "literally" anagaagaa kwenye utajiri, na hakuwa anagaagaa popote. Maneno ya ukweli yana tabia ya kugeuka chumvi. Hata "very" ilianza kama "kweli", na sisi "kweli" yetu tunaifanya hivyohivyo, "nimechoka kweli", hapo husemi ukweli na uongo, unaongeza uzito tu.

9. Mbona maneno ya wanawake yanashuka hadhi na ya wanaume yanabaki?

Mdada mmoja aliniuliza hili baada ya somo la "master" na "mistress" na kusema ukweli sikuwa na jibu la haraka. Maneno mawili pacha. La kiume bado ni bwana mkubwa, fundi, mwenye shahada. La kike lilianza kuwa mwenye nyumba, mwenye mamlaka, "Mrs" ni kifupisho chake, na leo ukimwita mtu "mistress" unamaanisha nyumba ndogo. "Hussy" ni tusi la mwanamke asiyetulia na lilitoka kwenye "housewife". "Spinster" ilikuwa kazi, mwanamke anayesokota nyuzi, ikageuka kuwa mwanamke aliyekosa kuolewa, na Uingereza na Wales waliiondoa kwenye vyeti vya ndoa mwaka 2005.

Kwahiyo jibu ni kwamba neno linabeba wanavyomuangalia anayeitwa. Kiswahili nacho kina yake, sitayataja hapa, unayajua.

"Lady" kidogo ndiyo imesalimika. Asili yake ni mkandaji wa mkate, na "lord" mlinzi wa mkate. Ubwana wote ule chanzo chake unga.

10. Naweza kuwaambia wasichana "you guys"?

Marekani wanasema kila siku na wengi hawajali, wachache wanajali. Ukiwa ofisini na huna uhakika sema "everyone". Ila asili yake ni nzuri kuijua: ni jina la mtu, Guy Fawkes, mmoja wa waliotaka kulipua bunge la Uingereza 1605. Kila tarehe 5 Novemba watu wakawa wanachoma sanamu lake la matambara wanaliita "guy", halafu mtu yeyote aliyevaa ovyo akaitwa hivyo, halafu Marekani ikawa mwanaume yeyote, halafu kundi lolote. Kutoka gaidi mpaka mabinti wa ofisini, miaka mia nne.

## Salamu na namna ya kuongea

11. "Hello" ilikuwa inatumika zamani zote?

Hapana, hii ni mtoto wa simu kabisa. Neno lenyewe lilikuwepo, la kuita kwa mbali au kushangaa, lakini kama salamu lilipata umaarufu baada ya simu kuja. Alexander Graham Bell, aliyepata hati ya simu 1876, alitaka watu wapokee kwa "ahoy", neno la mabaharia. Thomas Edison mwaka 1877 akapendekeza "hello". Unajua nani alishinda kwa sababu na wewe ukipokea simu unasema haloo. Tena angalia, sisi haloo tumeiacha pale pale ilipozaliwa, kwenye simu. Humkuti bibi njiani ukamwambia haloo, ni shikamoo.

12. Na "OK"?

Utani wa magazeti ya Boston. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti moja liliandika o.k. kama kifupisho cha "all correct" iliyoandikwa kwa makosa ya makusudi, "oll korrect", maana kipindi hicho kulikuwa na mchezo wa kufupisha maneno kwa spelingi mbovu, kama sisi tulivyokuwa tunaandika xaxa na 2po kwenye meseji. Mingine yote ikafa, hii ikapona kwa sababu mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mtu wa Kinderhook, alikuwa anaitwa Old Kinderhook na wapambe wake wakalitumia kwenye kampeni. Uchaguzi alishindwa, neno likashinda.

13. "Thou" imeenda wapi? Wanasali nayo lakini hawaongei nayo.

Hii ni stori ya heshima iliyozidi. "Thou" ilikuwa ya mtu mmoja, "you" ya wengi. Kisha kwa kuiga Wafaransa wakaanza kumwambia mkubwa mmoja "you", kama amekuwa watu wengi. Mtoto kwa baba, mtumwa kwa bwana. Tatizo la heshima ni kwamba hakuna anayetaka kuonekana hana, kwahiyo kila mtu akaanza kumwambia kila mtu "you" kwa usalama, na "thou" ikabaki ya watoto, ya mpenzi, na ya kumdharau mtu. Kufika miaka ya 1600 ilikuwa inakufa kwenye Kiingereza cha kawaida. Kinachochekesha leo watu wanaiona "thou" ndiyo ya heshima kwa sababu wanaisikia kwenye sala, kumbe Mungu walikuwa wanamwita kwa ukaribu.

Hasara yake ni kwamba sasa hawana namna ya kutofautisha wewe na nyinyi, ndio maana wanahangaika na "you guys", swali la 10, na "y'all" kule kusini mwa Marekani. Sisi hatujawahi kuwa na shida hiyo.

14. Shuleni tulifundishwa "How do you do?" Bado ipo?

Ipo kama suti ya harusi. Siku hizi utasikia "Nice to meet you" au "How are you?" basi. Na "How are you?" sio swali, ni kama "habari za saa hizi", ukianza kueleza mgongo unavyokuuma utamchosha mtu.

## Grama

15. "Gonna" na "wanna" sio uvivu?

Hapa naomba utulie kidogo maana Mswahili ndiye mtu wa mwisho kabisa anayetakiwa kulalamika.

Ile -ta- ya wakati ujao, "nitakuja", unajua ilitoka wapi? Kwenye "taka". Nataka kuja, nitaka kuja, nitakuja. Ushahidi umeachwa wazi kwenye virejeshi, tunasema "atakayekuja", "nitakapofika", ile taka nzima bado imekaa mle ndani kama mgeni aliyesahaulika chumbani. Na "ameshakula" ni "amekwisha kula" iliyomezwa, kuna watu bado wanaisema ndefu.

Waingereza walifanya kitu hichohicho na tendo hilohilo. "Will" maana yake ilikuwa kutaka. Mpaka leo wosia unaitwa "will", yani alichotaka marehemu, na mtu mwenye nia njema ana "goodwill". Kutoka kutaka ikawa wakati ujao, halafu ikaliwa ikabaki 'll tu, "I'll come". Lugha mbili hazijuani, moja ya Kibantu na moja ya Ulaya kaskazini, zimechukua tendo la kutaka na kulitafuna mpaka likawa silabi.

Sasa "going to" ndiyo iko njiani hivyohivyo. "I'm going to Tanga", hapo unaenda kweli. "I'm going to sleep here", huendi popote. Na "gonna" inakubali ile ya pili tu, huwezi kusema "I'm gonna Tanga". Kama ungekuwa uvivu ungeingia kote. Kwahiyo kwenye kuongea na kuchati tumia, kwenye barua ya kazi andika kwa kirefu.

16. "They" kwa mtu mmoja ni kitu kipya?

Kwa mtu ambaye hujui ni nani, ni ya tangu miaka ya 1300. "Someone left their bag", mtu kasahau begi lake, kila Mwingereza anasema hivyo bila kufikiria. Kilicho kipya ni kuitumia kwa mtu unayemjua aliyechagua kuitwa hivyo. Kamusi ya Merriam-Webster iliifanya neno la mwaka 2019. Kwetu a- ya "amekuja" haijali ni mwanaume au mwanamke kwahiyo ugomvi wenyewe tunauangalia kwa mbali.

17. "I don't know nothing" ni kosa?

Kwenye mtihani ndiyo, andika "anything". Kihistoria hapana, mshairi wao Chaucer miaka ya 1300 alikuwa anarundika kanusho mbili tatu kwenye sentensi moja kwa kukazia tu. Baadaye waandishi wa vitabu vya grama, maarufu ni Robert Lowth miaka ya 1760, wakasema kanusho mbili zinauana zinakuwa kukubali, kama hesabu. Kwetu "hakuna asiyejua" kweli inamaanisha wote wanajua, ila lugha zote hazilazimiki kufuata hesabu hiyo. Mitaani kwao wanaendelea nayo mpaka leo na wote wanaelewana.

18. Kuna maneno yaliyozaliwa kwa kukosea tu?

Yapo mengi na ndiyo yananifurahisha. "Pea" haikuwepo, neno lilikuwa "pease", watu wakasikia ile s mwishoni wakadhani ni wingi, wakaikata kupata moja. "Cherry" vilevile. "Apron" ilikuwa "napron", "a napron" ikasikika "an apron", n ikahamia kwa jirani haikurudi tena.

Usicheke, sisi tulichukua kitabu kutoka Kiarabu, ki- yake ni ya neno lenyewe, tukaiona kama yetu tukatengeneza vitabu. Tukachukua "keep left" ya barabarani ikawa kipilefti, vikiwa viwili ni vipilefti. Na madigadi ya gari, ile ma tuliidhani ni ya wingi, kwahiyo moja ikawa digadi. Fundi yeyote gereji atakuelewa.

## Lafudhi na nani anaanzisha

19. Wamarekani ndio walioharibu Kiingereza, si ndiyo?

Ukiingia kwa undani mara nyingine ni kinyume. Ile r ya Wamarekani kwenye "car" na "water", Waingereza wote walikuwa nayo, watu wa London ndio walioanza kuiacha kuelekea mwisho wa miaka ya 1700, wakati wahamiaji walishavuka bahari nayo. "Fall" kwa msimu wa majani kuanguka ilikuwa inasemwa Uingereza. "Gotten" pia. Na "soccer", ambayo Mwingereza akiisikia anakunja uso, ilizaliwa Uingereza kwenye miaka ya mwisho ya 1800, wanafunzi walikuwa wanafupisha "association football". Wakaiacha, Wamarekani wakabaki nayo, sasa wanawacheka.

20. Nimesikia watu wanasema "aks" badala ya "ask".

Usimsahihishe mtu. Kiingereza cha kale kilikuwa na zote mbili, na Biblia ya Coverdale ya 1535 imeandika "axe" pale tunaposema ombeni nanyi mtapewa. Leo wanaisema sana Wamarekani weusi na watu wa Karibiani, na anayeicheka mara nyingi anamcheka msemaji. Hata "bird" ilikuwa "brid", herufi zikapishana, hakuna aliyelia.

21. Mtu mzima anaweza kubadilika lafudhi bila kujua?

Anaweza, na mfano ni Malkia Elizabeth. Watafiti walipima irabu zake kwenye hotuba za Krismasi, za miaka ya 1950 na za miaka ya 1980, na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2000. Irabu zake zilikuwa zimesogea kuelekea wanavyoongea watu wa kawaida wa kusini mwa Uingereza. Hakuhamia, alisogea. Kama lugha inaingia mpaka ikulu kupitia ukutani, wewe utaizuiaje?

22. Nani anaanzisha mabadiliko?

Mara nyingi vijana, na kati yao mara nyingi wasichana, halafu wanasemwa, halafu kila mtu anafuata.

Ila kuna utafiti mmoja nausimulia kila darasa. Mwaka 1962 William Labov, mtafiti wa lugha, aliingia kwenye maduka matatu makubwa ya New York, Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati, S. Klein la bei chee. Anamuuliza muuzaji kitu ambacho anajua kiko ghorofa ya nne, muuzaji anajibu "fourth floor", yeye anajifanya hajasikia, "excuse me?", anajibiwa tena kwa kukazia. Halafu anaenda pembeni anaandika kama r ilisikika. Saks waliitamka zaidi, S. Klein kidogo zaidi, na wakati ule r ndiyo ilikuwa inapanda chati mjini kama ishara ya hadhi. Wauzaji wote, lakini kila mmoja anaongea kama wateja wake. Wanafunzi wangu wa madukani hili wanalielewa bila maelezo, wanajua sauti ya kumpokea mteja aliyeshuka kwenye gari na ya kumpokea aliyeshuka kwenye bodaboda.

23. Intaneti si ndiyo imeleta OMG na vifupisho vyote?

OMG ya kwanza inayojulikana iko kwenye barua ya 1917, Admirali Fisher, mzee wa miaka zaidi ya 70, akimuandikia Winston Churchill. Intaneti imeongeza spidi tu. Angalia na swali la 12.

## Sisi na Kiingereza

24. Na Kiswahili kimewahi kuwapa chochote?

Safari. Iliingia miaka ya 1800 na kwao ikabana, angalia swali la 6, ikawa ya kwenda kuona wanyama. Mtu wa Marekani akisikia "niko safarini naenda msibani Singida" anashangaa simba wako wapi. Na Jenga, ule mchezo wa vipande vya mbao, ulizinduliwa London 1983 na Leslie Scott aliyekulia Afrika Mashariki, ni jenga hiihii ya kujenga. Kamusi ya Oxford nayo mwaka 2022 iliingiza kundi la maneno ya huku, nyama choma ikiwemo.

25. Mzungu alijikwaa nikamwambia "sorry", akanijibu "it's not your fault". Nilikosea?

Hujakosea, ulimwambia pole. "Sorry" ya huku imebeba pole yetu, na wao hawana neno moja linalofanana na pole, "sorry" kwa mtu aliyejikwaa wanaisikia kama kuomba radhi. Sawa na "you are lost" ya Kenya na Uganda, ni "umepotea" ya mtu ambaye hamjaonana siku nyingi, ila ukimwambia Mwingereza atatoa ramani. Kiingereza cha huku nacho kinabadilika kama kinavyobadilika India au Nigeria. Tumia na watu wa huku bila aibu, na ukiwa na mgeni jua tu kwamba hataisikia pole yako.

26. Kwenye mtihani niandike kipi?

Kilichopo kwenye kitabu cha darasa. Spelingi ya Uingereza, "colour" sio "color", na usichanganye mbili kwenye ukurasa mmoja. Msahihishaji ana mwongozo wa majibu, hana muda wa historia ya Chaucer.

27. Nasoma maandishi ya zamani, maneno yote nayajua lakini sentensi haileti maana. Nifanyeje?

Shuku neno rahisi kuliko yote, gumu lingekufanya ufungue kamusi, rahisi linakupita. Kwenye Zaburi 119:147 ya King James mtu anasema "I prevented the dawning of the morning". Alizuia kusikuche? Hapana, "prevent" ilikuwa kutangulia, aliamka kabla ya alfajiri.

Na gumu zaidi ni "let". Kuna "let" ya kuruhusu na zamani kulikuwa na "let" nyingine ya kuzuia, maneno mawili tofauti yaliyofanana sauti baada ya muda. Kwenye Warumi 1:13 Paulo anasema alitaka kuja "but was let hitherto", yani alizuiliwa mpaka sasa, na ukiisoma kwa leo unapata kinyume chake. Ile ya kuzuia imekufa karibu kote, imebaki kwenye tenisi, mpira ukigusa wavu wakati wa kuanzisha, na kwenye pasipoti ya Uingereza, ambapo serikali inaomba mwenye pasipoti apite "without let or hindrance". Fungua kamusi inayoonyesha miaka ya kila maana, tafuta maana iliyokuwa hai mwaka maandishi yalipoandikwa, soma tena sentensi.